Mamangu ana baridi yabisi ya miaka mingi, ameambiwa aache dawa za hospitali ajaribu homiopathia. Kuna mwenye ametumia?

BintiWaUmoja

Habari zenu wadau. Naomba mawazo yenu juu hii maneno imekuwa mjadala hapa kwetu kila jioni na hatuelewani.

Mamangu ana baridi yabisi. Sio ile ya magoti kuuma juu ya umri, ni ile wanaita rumatoidi, kinga ya mwili inageukia viungo vya mwenyewe, vidole vinavimba mikono yote miwili na asubuhi vinakuwa vimekauka kabisa mpaka saa nne saa tano ndio vinaanza kukunjika. Yeye ni fundi wa nguo, kwa hivyo mikono ikikataa hakuna kazi. Amekuwa kwa methotreksati miaka kadhaa, ile dawa ya hospitali ya kutuliza hiyo kinga, ya kumeza mara moja kwa wiki. Anameza Ijumaa usiku, Jumamosi yote amelala kwa kochi, mtu akikaanga vitunguu anatoka nje, nywele zimepungua, Jumapili mchana ndio anaanza kuongea na watu. Amechoka na hizo Jumamosi na mimi siwezi mlaumu.

Sasa kuna mama wa chama chao akampeleka kwa mtu wa homiopathia huko pande za Westlands. Walikaa naye karibu masaa mawili. Akamuuliza anaota nini, anaogopa nini, anapenda baridi ama joto, maumivu huzidi akikaa ama akitembea, ilikuwaje wakati baba alifariki. Mama alirudi amechangamka, mimi mwenyewe nilishangaa, alikuwa anapiga stori mpaka usiku. Akapewa kachupa kadogo ka tembe nyeupe ndogo sana, tamu, asiziguse na mkono, amwagie kwa kifuniko halafu aweke chini ya ulimi, asinywe kahawa, asitumie dawa ya meno yenye minti. Pesa waliyolipa sio kidogo na kila mwezi anafaa kurudi alipe tena. Hiyo yote si mbaya sana, shida yangu ni kwamba aliambiwa methotreksati "inafunika ugonjwa" na aiache ndio hii ingine ipate njia.

Na ameacha. Sasa ni wiki kadhaa na anasema anaskia vizuri kuliko mwaka jana wote. Ndugu yangu anasema mwachie, kama anaskia vizuri wewe unataka nini. Mimi naogopa lakini sina la kusema juu kweli naona amechangamka.

Kwa hivyo nauliza, hii kitu inasaidia kwa ugonjwa wa kudumu ama haisaidii? Inaweza tumika pamoja na za hospitali? Tafadhali msimtukane mama, ana akili zake timamu, ni uchungu amechoka nao.


MamaTeddy

Pole sana dada, na umpe mama pole.

Mimi niko upande wa homiopathia na sitaficha. Kijana wangu alikuwa na ngozi mbaya tangu akiwa mtoto mchanga, anajikuna mpaka damu, shuka za kitanda zina madoa kila asubuhi. Tumepaka mafuta ya steroidi mpaka nikaogopa ngozi itaisha. Hospitali unapanga laini tangu asubuhi, ukiingia kwa daktari unakaa dakika tano, anaandika mafuta ile ile, unatoka. Huyu mama wa homiopathia alikaa na sisi, akauliza mtoto analala wapi, tunafua na sabuni gani, anakula nini, akaniambia nibadilishe sabuni ya kufulia na niache kumwosha na maji moto sana, akatoa na dawa. Baada ya miezi kadhaa ngozi ilitulia. Leo anavaa kaptura shule bila aibu. Siwezi nyamaza mtu akisema ni upuuzi wakati nimeona na macho yangu.

Lakini hapo kwa kuacha dawa, hapana. Wangu hakuniambia niache chochote. Tena aliniambia mtoto akipata joto jingi nikimbie hospitali, nisimngoje yeye. Huyo aliyemwambia mama aache methotreksati hata mimi sikubaliani naye.


Mkemisti_Ngara

Binti, kabla tuongee mengi, hebu soma hiyo kachupa utuambie imeandikwa nini. Kuna jina na namba na herufi mbele yake.


BintiWaUmoja

Nimeangalia. Rhus tox 30C.


Mkemisti_Ngara

Sawa. Mimi nauza dawa, kwa hivyo chukua maneno yangu ukijua hilo, lakini hii sio siri ya mtu, hata vitabu vyao vyenyewe vinaeleza hivi.

Rhus tox ni mmea wa Marekani, ukiugusa unapata malengelenge na muwasho mbaya. Homiopathia ilianzishwa na daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann. Mwaka 1790 alikula gamba la mti wa sinkona, ule ambao kwinini inatoka, akiwa mzima, akaona dalili kama za malaria. Akafikia wazo kwamba kitu kinacholeta dalili fulani kwa mtu mzima kinatibu dalili hizo hizo kwa mgonjwa. Sasa wanasema Rhus tox inafaa mtu ambaye viungo vinakaza akikaa na vinalegea akianza kutembea. Ndio maana mama aliulizwa maumivu huzidi wakati gani. Huyo mtu hakubahatisha, alifuata kitabu chake vizuri.

Shida iko kwa 30C. Herufi C maana yake unachukua sehemu moja ya kitu unachanganya na sehemu 99 za maji ama spiriti, unatikisa kwa nguvu. Hiyo ni 1C. Kutoka kwa hiyo unachukua tena moja unaweka kwa 99, hiyo ni 2C. Unaendelea hivyo mara 30. Ukifika hatua ya 8 peke yake, ni sawa na tone moja ndani ya maji ya kujaza bwawa la Ndakaini mara saba hivi, na hilo bwawa linabeba mita za ujazo milioni 70. Ukipita hatua ya 12 kihesabu hata molekuli moja ya ule mmea haitarajiwi kuwa imebaki. Na bado kuna hatua 18 mbele. Halafu yale maji yanadondoshewa kwa tembe za sukari, yanakauka, unauziwa.

Kwa hivyo mama anakula sukari. Haitamdhuru, haitagongana na dawa yoyote, hata kwa mtu wa kisukari ni sukari kidogo sana. Kama ni kutumia pamoja na za hospitali, hiyo tembe ya 30C yenyewe haina ubaya. Wao wanasema maji yanakumbuka kile kilichopita ndani yake. Mimi nimesoma kemia na sijaona mtu ameonyesha hiyo kumbukumbu kwa majaribio ambayo mtu mwingine anaweza kurudia akapata jibu lile lile.

Lakini angalieni namba kabla mmeze kitu chochote. Zile za namba ya chini, mfano 1X ama 2X (X ni kuchanganya sehemu moja na 9, sio 99), bado zina kitu ndani. Marekani 2016 na 2017 mamlaka yao ya dawa, FDA, ilionya wazazi kuhusu tembe za homiopathia za watoto wanaoota meno, zilipatikana na beladona kwa viwango ambavyo havilingani, na beladona ni sumu. Kwa hivyo ile kusema "ni ya asili haina madhara" si kila saa.


mzee_wa_Zimmerman

Vijana wangu, mimi sina elimu ya dawa, nina macho tu.

Mnakumbuka Loliondo 2011? Wengine wenu mlikuwa shule. Kijiji cha Samunge kule Tanzania, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Mwasapila, anapeana kikombe kwa shilingi 500 ya Tanzania, na kikombe kimoja kinatibu sukari, presha, saratani, ukimwi, kila kitu. Magari yalipanga foleni ya kilomita na kilomita, na Wakenya walikuwa wengi, kuna watu walitolewa kitandani hospitalini wakapakiwa kwa gari na wengine hawakufika. Wale waliofika walirudi wakisema wanaskia vizuri. Wote. Huwezi kukuta mtu ambaye ametoka safari kama hiyo aseme hajaskia kitu.

Ndugu yangu mkubwa ana sukari. Hakwenda Loliondo, yeye alipata mtu wake hapa hapa mjini, akamwambia dawa za hospitali zinaharibu figo, aache atumie zake. Akaacha. Akawa sawa kabisa! Anatembea, anacheka, anatuambia sisi ndio tunatishwa na madaktari. Sukari haiumi, hiyo ndio ubaya wake, inakula mtu polepole bila kelele. Kidonda kidogo cha kiatu ndicho kilituonyesha. Mguu ulikatwa chini ya goti. Yule mtu wa dawa simu haikupokelewa tena.

Kwa hivyo binti, ukisema mama anaskia vizuri mimi nakuamini kabisa, na bado naogopa na wewe.


Wa_Gikomba

Mi naona mnachanganya mambo wazee, homiopathia si ni miti shamba tu? Shosho alitutibu na mwarobaini na hakuna mtu alikufa. Madawa za wazungu nazo zina kemikali mingi sana.


Mkemisti_Ngara

Hapana ndugu yangu, hizo ni vitu mbili tofauti na ni vizuri kuzitenganisha. Mwarobaini ukichemsha unakunywa mwarobaini wenyewe, uchungu wake unauskia. Mti unaweza kuwa na dawa ya kweli. Kwinini ilitoka kwa sinkona. Dawa ya malaria tunayotumia leo chanzo chake ni pakanga, yule mama Mchina Tu Youyou aliyeifanyia utafiti alipewa Nobel 2015. Hata metfomini ya sukari asili yake ni mmea. Homiopathia ni ule mmea ukishaondolewa wote.

Na miti shamba nayo ina hatari yake ambayo sukari tupu haina, hasa kwa mtu wa baridi yabisi kama huyu mama. Kuna hizi "dawa za asili za viungo" za kwa chupa unauziwa mtandaoni, unameza, kesho yake unaruka. FDA 2022 walipima moja inaitwa Artri King wakapata ndani kuna deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazijaandikwa kwa chupa. Hiyo ni steroidi na dawa ya maumivu, hakuna majani hapo. Mtu anakunywa miezi, presha inapanda, sukari inapanda, tumbo linatoka vidonda, na akiacha ghafla anaanguka. Ukiona dawa ya mitishamba imeondoa uvimbe wa viungo kwa siku mbili tu, shuku.


NesiWaUsiku

Nimetoka shifti sasa hivi nikaona huu uzi, nitaandika ndefu mnisamehe.

Binti, soma tena kile umeandika wewe mwenyewe. Mama alikuwa anaumwa na Jumamosi. Ameacha methotreksati, Jumamosi zimerudi. Kichefuchefu hakuna, chakula anakula, amelala vizuri, kwa hivyo lazima achangamke, hata bila kumeza kitu kingine chochote! Na methotreksati haitoki mwilini na kazi yake siku ile unaiacha. Ilichukua wiki nyingi kuanza kufanya kazi, kawaida ni wiki sita mpaka kumi na mbili, na ukiacha pia ulinzi wake unapungua pole pole. Kwa hivyo kuna hicho kipindi katikati ambapo mtu ameondolewa ubaya wa dawa na bado anakula faida yake. Ni kipindi kitamu sana. Na hapo ndipo tembe za sukari zinapewa sifa.

Kitu cha pili, baridi yabisi inapanda na kushuka yenyewe. Mtu hatafuti daktari mpya wiki ambayo anaskia vizuri, anatafuta ile wiki amelemewa kabisa. Baada ya hapo hata ukikaa tu kuna uwezekano itashuka kiasi. Chochote ulichoanza wiki hiyo kitaonekana kimekutibu. Hii iko hata kwa eksima mamaa Teddy, nafurahi sana kijana yuko sawa, na huyo mama aliyewaambia mbadilishe sabuni na muache maji moto aliwapa ushauri mzuri ambao sisi kliniki tulifaa kuwapa tangu mwanzo. Mimi ningeweka shukrani zangu kwa sabuni.

Sasa ile kitu ningependa msikie. Kuna utafiti ulifanywa Uingereza hasa kwa hawa wagonjwa wa rumatoidi, ukatoka 2011. Walichukua wagonjwa 83, wote wakiendelea na dawa zao za hospitali. Wengine wakakaa na mtu wa homiopathia wakahojiwa vizuri, wengine hawakuhojiwa. Na ndani ya hayo makundi wengine wakapewa dawa ya homiopathia yenyewe, wengine tembe tupu, bila kujua nani amepata nini. Walioboreka ni wale waliohojiwa. Kupata dawa yenyewe ama tembe tupu hakukuleta tofauti.

Hiyo inaniuma kama nesi. Maana yake mama hakudanganyika, masaa mawili ya kuulizwa kuhusu maisha yake na kifo cha mzee yalimsaidia kweli. Hakuna mtu hospitalini amewahi kumuuliza. Mimi kwa shifti moja nina wagonjwa wengi mpaka majina yanapotea, na daktari wa viungo hapa Kenya ni wachache sana na karibu wote wako hapa Nairobi, mtu anatoka Kisii kukuja kuonwa robo saa. Hilo pengo tumeliacha sisi na wengine wameingia.

Lakini mazungumzo hayazuii mfupa kulika. Rumatoidi isiyotibiwa inakula kiungo kimya kimya, na kidole kikishapinda hakuna dawa ya kukinyoosha, sio ya hospitali wala ya nani. Inaweza pia kufika kwa mapafu, kwa macho, na inaongeza hatari ya magonjwa ya moyo. Fundi wa nguo akipoteza vidole amepoteza kazi. Hii ndio sababu mimi siwezi sema "jaribu tu haidhuru". Tembe haidhuru. Kuacha ndio kunadhuru.

Na swali, mama alikuwa pia na prednisoloni, ile steroidi ya kumeza? Kama alikuwa nayo na ameiacha ghafla niambie leo leo.


BintiWaUmoja

Asante sana nesi, umenifanya nikae chini. Hapana, prednisoloni alimaliza kitambo na daktari alimpunguzia pole pole, sasa ilikuwa methotreksati na foliki asidi pekee. Foliki nayo ameacha kumeza, lakini hata kabla alikuwa anaruka ruka, anasema ni vitamini tu.

Hiyo ya Jumamosi sikuwa nimeifikiria hivyo. Nimemsomea mama maneno ya mzee wa Zimmerman pia, alinyamaza. Shida sasa ni kurudi kwa hiyo dawa ambayo inamlaza. Nikimwambia arudi ataniambia wewe hujawahi kuimeza.


MamaTeddy

Nesi nimekuelewa na nakushukuru, sijakasirika. Lakini niseme moja, mbona India wana vyuo vizima vya homiopathia na serikali inatambua, na huko Ulaya watu wameitumia miaka mia mbili? Hawa wote hawaoni? Mimi siamini watu wengi hivyo wanaweza kukosea kwa miaka yote hiyo.


Mkemisti_Ngara

Ni swali la haki mamaa. India ni kweli, vyuo viko na wana wizara ya homiopathia na tiba za jadi inaitwa Ayush. Lakini Ulaya wamekuwa wakirudi nyuma. Bunge la Uingereza, kamati yao ya sayansi, 2010 ilisema homiopathia haipiti tembe tupu. NHS ya England, yaani huduma yao ya afya ya serikali, 2017 ikawaambia madaktari waache kuiandikia wagonjwa. Ufaransa ambako ilikuwa inapendwa sana, bima ya serikali iliacha kuilipia kuanzia Januari 2021. Australia 2015 baraza lao la utafiti wa afya lilipitia ushahidi wote wakasema hakuna ugonjwa hata mmoja ambao kuna ushahidi wa kuaminika kwamba homiopathia inautibu. Na sisi huku Afrika, WHO 2009 ilionya isitumike kwa HIV, kifua kikuu, malaria, mafua na kuhara kwa watoto wachanga, juu kuna watu walikuwa wanazunguka nayo kwa nchi zetu wakitibu magonjwa yanayoua.

Kwa nini ilidumu miaka 200? Wakati wa Hahnemann madaktari walikuwa wanatoa watu damu na kuwapa zebaki. Mgonjwa aliyepewa maji matupu na kupumzika alikuwa na bahati kuliko aliyepewa tiba ya siku hizo. Kwa wakati ule Hahnemann alikuwa anaokoa watu kwa kuwaacha salama. Lakini leo kuna methotreksati, na ukiweka maji matupu mahali pa methotreksati hesabu imebadilika.


NesiWaUsiku

Binti, sasa tuingie kwa ile ya kuimeza, juu hapo ndio kuna kazi, hayo mengine mama hahitaji kushawishiwa kwa mabishano.

Kwanza foliki asidi sio vitamini tu kwake. Methotreksati inaziba njia ya foleti mwilini, na foliki ndio inapunguza hicho kichefuchefu na vidonda vya mdomo na inalinda ini. Mtu anayeruka foliki ndio anapata Jumamosi kama za mama. Inawezekana nusu ya mateso yake yanatoka hapo. Muulizeni daktari anafaa kuimeza siku gani, wengi wanaambiwa siku tofauti na ile ya methotreksati.

Pili, kama bado inamsumbua kuna njia, na haya daktari ndiye ataamua, lakini mama aingie akijua anaweza kuuliza. Kuna methotreksati ya sindano chini ya ngozi, wengi wanaivumilia kuliko ya kumeza. Kuna kupunguza dozi, kuna dawa ya kuzuia kutapika. Na ikikataa kabisa kuna ndugu zake, salfasalazini, haidroksiklorokwini, leflunomidi. Mama hajafika mwisho wa barabara, amekuwa tu kwa dawa moja na hakuna mtu amemuuliza Jumamosi zake zinakuwaje. Aseme! Aseme vile ulituandikia hapa, kitunguu na kochi na nywele, neno kwa neno. Watu wazima wetu wakiingia kwa daktari wanaulizwa unaendeleaje wanasema "niko sawa daktari", halafu wanarudi nyumbani wanaacha dawa.

Tatu, mtu wa homiopathia. Kama mama anapenda kwenda kuongea naye na pesa inatosha, mimi sitapigana na hilo. Lakini mtu akikwambia uache dawa ya daktari bila yeye kuongea na huyo daktari, huyo hakufai, hata awe mpole namna gani. Na hizo pesa za kila mwezi mzipige hesabu. Kama SHA yake, bima ya afya ya serikali, haijalipiwa zianzie hapo kwanza, halafu na vipimo vya damu ambavyo yeye lazima avifanye kila baada ya muda.


mzee_wa_Zimmerman

Nikiongeza moja binti. Usimwambie mama amekosea. Sisi tulimwambia ndugu yangu hivyo, kila siku, mbele ya watoto wake, ndio akazidi kushikilia. Mwambie unataka kuandamana naye kliniki ukaulize hiyo ya sindano. Hapo hajashindwa na mtu.


BintiWaUmoja

Asanteni sana wote, hata wewe mamaa Teddy. Nimeongea naye leo asubuhi akiwa na chai. Nilimuuliza tu kama angependa kuna dawa isiyomlaza Jumamosi, akasema kwani iko? Nikamweleza ya sindano na ya foliki. Amekubali twende wote Alhamisi. Amesema kachupa kake anabaki nako na nimemwambia sawa. Kuna kidole cha shahada ananificha, nimekiona kimevimba kuliko wiki jana.

Nesi, swali la mwisho, kwa vile ameruka hizi wiki zote, anaweza anza kumeza Ijumaa hii kabla tuone daktari mambo ya damu? Ama ameze mbili kufidia?


NesiWaUsiku

Hapana kabisa kufidia. Methotreksati ni mara moja kwa wiki, ikizidi inaua uboho wa mifupa na mtu anaweza kufa, na makosa mengi yanatokea hapo hapo kwa kumeza kila siku ama kuongeza. Alhamisi inakuja kabla ya Ijumaa, kwa hivyo asiguse chochote mpaka aonwe, juu baada ya kuacha wiki nyingi daktari ndiye ataamua aanze na dozi gani.

Kipimo cha damu nzima, cha ini na cha figo, watavitaka kabla ya kuanza tena, kwa hivyo kama mnaweza kutoa damu Jumatano majibu yawe tayari itawasaidia. Bebeni kadi ya kliniki, pakiti ya methotreksati iliyobaki, na hiyo Rhus tox pia, msiifiche. Mwambieni daktari tarehe aliyomeza ya mwisho. Na akiwa na homa, kikohozi kikavu ama mdomo una vidonda, semeni kabla hajaandika kitu. Hicho kidole akionyeshe cha kwanza akiingia.